Gari la Kumlaza Norb

12 Septemba

Daftari hili kanipa nesi Rhonda niandike saa za dawa za Norb. Za leo nimeziandika ukurasa wa nyuma kabisa. Huku mbele naandika yangu, maana nisipoyatoa yatanipasua kifua, na Norb mwenyewe hataki kuyasikia.

Jambo lenyewe ni moja. Saratani imeingia kwenye uti wa mgongo wa mume wangu. Akiketi robo saa tu anabadilika rangi. Akilala chali na mto chini ya magoti, anataniana na watu kama kawaida yake. Daktari amesema tukijaliwa tutaiona Krismasi. Norb akamjibu, "Krismasi nakuachia wewe, daktari. Mimi niambie tarehe kumi na tano Novemba."

Daktari ni kijana wa mjini, akabaki ametoa macho. Huku kwetu Michigan hata mtoto wa darasa la kwanza anajua kuwa hiyo ndiyo alfajiri ya kwanza ya kuwinda kulungu. Norb na kaka yake Clem wana kibanda chao kaskazini, mwendo wa saa sita kutoka hapa, na tangu Norb ana miaka kumi na minne hajakosa alfajiri hiyo hata mara moja. Mwaka aliovunjika mguu alikwenda na plasta yake.

"Bunduki sihitaji, Vonnie," ananiambia. "Nipeleke tu nikalale pale, nimsikie Clem akiunguza mayai."

Kwa hiyo natafuta gari la kitanda. Ni yale magari marefu ambayo mafundi wa Indiana huyapandisha paa na kuyageuza sebule: mapazia madirishani, zulia mpaka ukutani, na kiti cha nyuma ukibonyeza kitufe kinajilaza kuwa kitanda. Jipya hatuliwezi. Tunataka lililotumika, kutoka kwa mtu binafsi, lenye uwezo wa kufika.

Clem alipendekeza godoro nyuma ya pikapu yake. Mwezi wa Novemba! Ana miaka sabini na mbili na akili ya kuku. Ambulensi ya kukodi Norb hataki hata kuisikia, ati hawezi kuingia kambini kama mtu aliyegongwa na treni.

14 Septemba

Nimeona gari la kwanza. Tangazo gazetini lilisema "lina kutu kidogo." Nikainua zulia la miguuni pa dereva nikaona majani. Majani mabichi, ya ardhini! Huku chumvi inamwagwa barabarani kila baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula chuma kama mchwa.

"Bwana," nikamwambia, "kama hii ndiyo kutu kidogo, kubwa inafananaje?"

"Aa, mama, gari la umri huu lazima liwe na matobo mawili matatu ya kupitisha hewa."

"Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na saba. Watoto wa darasa la pili wamenidanganya kwa ustadi kuliko wewe."

Nilipomsimulia Norb alicheka mpaka akaumia, nikajuta kumchekesha.

15 Septemba

Mvua. Supu ya kuku. Alikula nusu bakuli.

19 Septemba

Maili themanini kwenda, themanini kurudi. Nimefika nikaambiwa, "Pole sana mama, limeuzwa saa moja iliyopita." Si angenipigia simu? Nililia kidogo kwenye kituo cha mafuta, nikapenga kamasi, nikaja zangu nyumbani.

23 Septemba

Nimelipata.

Lilikuwa limeegeshwa pembeni ya barabara kuu, mwisho wa njia ya nyumba, na kibao cha karatasi cha "Linauzwa" kwenye kioo cha mbele. Nilikuwa natoka kununua dawa. Nikafunga breki mpaka lori la nyuma likanipigia honi ya matusi.

Mwenye gari anaitwa Harlan Wendt. Ni mzee wa miaka kama themanini, mrefu, suruali imening'inia kwa mikanda ya mabegani, fundi wa mashine za shamba aliyestaafu. Kabla sijafungua mdomo alikwisha kulala chini ya gari na tochi, na mimi pembeni yake nimelala chini vilevile, sketi na yote.

"Angalia hapo, mama. Chumvi halijawahi kuionja. Kila baridi mimi na Irma tulikuwa tunakimbilia nalo kusini."

Ni kweli, chini kulikuwa kusafi kama sufuria mpya. Ndani kuna viti vya mahameli rangi ya divai, taa ndogo za kusomea, mapazia ya kijivu. Tukaliendesha mpaka njia panda na kurudi. Linatiririka. Likipita kwenye mashimo, mtu unatikiswa kama mtoto kwenye susu.

Irma alikuwa mke wake. Amefariki mwezi wa nne.

Ndipo akabonyeza kitufe cha kitanda. Kiti cha nyuma kikaguna, kikashuka nusu, kikakwama. Mzee wa watu akaona haya kama aliyefumaniwa. Akakivuta kwa mkono, kikalala sawasawa. Nikajilaza pale. Norb angeenea, miguu na yote.

"Kwa mkono kinashuka," akasema, "lakini sikuuzii hivyo. Sijamuuzia mtu kitu kibovu tangu nizaliwe. Na hita ya nyuma, ya kupasha joto, nayo inasuasua. Nipe wiki moja nirekebishe."

Moyo ulitaka kusema: hivyo hivyo, Bwana Wendt, nipe leo. Mdomo wangu, uliolelewa na mama yangu, ukasema, "Hakuna haraka."

Tukakubaliana dola elfu sita. Akanipa mkono, nikampa wangu. Akakitoa kibao kwenye kioo akakikunja mara nne. Huku kwetu mkishapeana mikono, karatasi ni mapambo tu.

24 Septemba

Norb amefurahi mpaka ameomba bia. Kisha akanishika mkono, usoni amekunja ndita.

"Umemwambia habari zangu?"

"Hapana."

"Usimwambie. Unanunua gari, basi. Sitaki mtu anishushie bei kwa sababu nakufa."

"Nani kasema atashusha bei?"

"Atashusha. Mimi ningeshusha. Na mimi sitaki."

Nikamwahidi. Tena sikuahidi kwa shingo upande, niseme ukweli wangu. Nilimwona anasema la maana.

1 Oktoba

Nimekwenda, gari halijawa tayari. Mota ya kitanda imeungua, na mtengenezaji wake alishafunga duka. Bwana Wendt ameandika barua kwa fundi mmoja Indiana. Barua! Nikamuuliza kwani simu hana. Akasema mtu huwezi kumweleza mota kwenye simu, lazima umchoree. Akanionyesha mchoro. Ulikuwa mzuri, kwa kweli.

Alinikaribisha pai ya maboga aliyooka mwenyewe kwa kufuata maandishi ya Irma. Ganda lake lilikuwa gumu kama kigae. Nilikula vipande viwili.

"Nakuchelewesha, mama?"

"La, hakuna haraka."

4 Oktoba

Mavuno ya viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari kiwandani, yameanza. Malori usiku na mchana, matope barabara nzima. Norb anayahesabu kwa sauti ya injini, akiwa kitandani kwake sebuleni. Anasema la jirani yetu Schweitzer linahitaji kubadilishwa gia.

9 Oktoba

Hita imekwisha. Mota bado. Sasa ameona kuwa matairi yamepasukapasuka pembeni, na hataki nipate ajali roho yake isije ikamsuta. "Wiki mbili hivi," amesema. Nikatabasamu. Kutabasamu kwangu nako sijui kulitoka wapi, ndani nilikuwa nachemka.

10 Oktoba

Tumegombana. Nimeona gazetini gari jingine la kitanda, liko mjini, bei ileile, kila kitu kinafanya kazi. Nikamwambia Norb niende kesho nikalichukue.

"Si mmepeana mikono na huyo mzee?"

"Tumepeana. Na mwezi unakwenda, Norb."

"Kakunja kibao chake, Vonnie. Amewakatalia wangapi tangu siku hiyo? Huwezi kumfanyia mtu hivyo."

"Basi nimwambie kwa nini nina haraka!"

"Hapana."

"Wewe ni punda."

"Ulijua hivyo ulipoolewa."

Sikwenda mjini. Nilifua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

15 Oktoba

Bado mwezi mmoja kamili. Norb alikula yai. Clem alipiga simu kuuliza kama Norb atataka kitanda cha dirishani au cha jikoni. Wanaume hawa! Wameongea dakika arobaini juu ya kitanda na hakuna hata mmoja aliyetamka neno saratani.

18 Oktoba

Leo nina mengi.

Rhonda alikuja kumpima. Akanivuta jikoni, akafungua bomba la maji ili Norb asisikie. Akasema, "Bi Gettel, kama mna safari, nendeni wiki hii. Mwisho ijayo. Uti wa mgongo unamomonyoka. Leo kitandani, kwenye gari laini, kwa dawa, anaweza. Mwezi ujao siwezi kukuahidi kitu."

Nikachukua ufunguo wangu nikatoka na viatu vya nyumbani. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno. "Bwana Wendt, mume wangu anakufa na nalihitaji gari leo." Maneno machache tu. Nikayasema kwa sauti, nikayarudia nyuma ya lori la viazi sukari lililokuwa likitambaa mbele yangu. Ahadi kwa Norb nilikwisha kuivunja moyoni.

Nilifika nikamkuta Bwana Wendt ndani ya gari. Hakuwa na spana wala tochi. Ameketi kiti cha abiria cha mbele, kiti cha Irma, mikono juu ya magoti, mlango wazi, mvua ikimnyeshea mguu mmoja. Alikuwa amevaa sweta la kike begani. Aliponiona alilitoa haraka akalikunja.

"Nilikuwa natoa vitu vyake," akasema. "Bado kuna vichache. Nikitoa kimoja nakaa kidogo."

Nikaelewa mambo mengi hapo. Nikaelewa hita, nikaelewa matairi. Alikuwa mkweli katika kila kifaa alichosema kimeharibika, lakini kila kifaa kilikuwa kinampa wiki moja zaidi na mke wake. Hata yeye nadhani hakujua kuwa anafanya hivyo.

Nitamwambiaje mtu wa namna hiyo: toka, mimi wangu bado yu hai? Lakini ndivyo nilivyopaswa kumwambia! Wake alikuwa hana tena haja ya gari. Wangu alikuwa nayo. Namwandikia nani haya sasa? Nilisimama mvuani na viatu vyangu vya nyumbani, naye akaniuliza, "Kuna tatizo, mama?"

"Hapana. Nilikuwa napita tu."

"Mota imetumwa. Nitakuharakishia."

"Usijisumbue," nikasema. "Hakuna haraka."

Nimerudi nyumbani nikamwambia Norb barabara ilikuwa mbaya. Akasema, "Umelowa." Nikasema ndiyo.

19 Oktoba

Sikulala.

22 Oktoba

Wanawake wa kanisani wameleta bakuli la viazi na jibini. La tatu wiki hii. Norb anasema hatakufa kwa saratani, atakufa kwa jibini.

27 Oktoba

Alijaribu kusimama mwenyewe kwenda dirishani kuangalia kulungu waliokuwa wakila mabaki ya mahindi shambani. Alianguka. Nilikuwa kwenye banda la kuku. Sijui alikaa chini muda gani. Hakuniita. Nilipomuuliza kwa nini hukuniita, akasema, "Ulikuwa na kazi." Nikamfokea. Nikamwambia tutakufa wote wawili kwa adabu, kaburi moja, na juu yake waandike "Hawakutaka kusumbua mtu." Alicheka. Mimi nilikuwa sitanii.

Rhonda ameongeza dawa mara mbili.

2 Novemba

Bwana Wendt amepiga simu. Mota imefika na si saizi yake. Anaichonga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na furaha, kazi imemrudishia damu. Norb alikuwa amelala mdomo wazi huku ananiegemea mkono. Nilitaka kupiga kelele kwenye simu. Nilisema, "Asante kwa kunijulisha."

5 Novemba

Baridi. Theluji ya kwanza, haikukaa.

8 Novemba

Leo asubuhi nimesikia injini uani. Nikachungulia, nikaliona. Limeoshwa mpaka linang'aa, matairi mapya, mapazia yamefuliwa na kupigwa pasi. Bwana Wendt ameshuka na shati la kanisani, ufunguo ameuning'iniza kidoleni, anacheka.

"Nimesema nikuletee mwenyewe! Njoo ubonyeze, mama. Kinashuka kama siagi."

Nilifungua mlango. Akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu sebuleni. Kitanda cha hospitali, mtungi wa oksijeni, na Norb, au kilichobaki cha Norb, maana mume wangu amekwisha kuwa mwepesi kama kapu tupu.

Bwana Wendt akavua kofia. Cheko lake likaondoka taratibu.

"Gari lilikuwa la huyu?" akauliza.

"Ndiyo."

"La kumpeleka wapi?"

Nikamwambia. Kambi, kaskazini, alfajiri ya tarehe kumi na tano. Kila mwanamume wa jimbo hili anaelewa, huhitaji kumfafanulia.

"Tangu siku ile ya kwanza?"

"Tangu siku ile."

"Lakini mama... ulisema hakuna haraka."

"Nilisema."

"Ulisema mara... kila ulipokuja ulisema hivyo. Mimi nikijua hakuna haraka." Sauti ilianza kumkatika. "Lilikuwa linakwenda. Kitanda kilikuwa kinashuka kwa mkono. Ningekupa ufunguo hapo hapo, mama. Ningewaendesha mwenyewe! Kwa nini hukuniambia?"

Nilikuwa na majibu, ila yote yalikuwa yameoza. Tuliogopa utatuhurumia. Tuliogopa utatushushia bei. Nikayasema hayo hayo, kwa sauti, mlangoni, na nilipoyasikia yakitoka nilitaka ardhi inimeze.

"Ilikuwa haraka," nikamwambia. "Ilikuwa haraka tangu nilipofunga breki."

Norb akaamka. Akasema kutoka kitandani, kwa sauti ya kukwaruza, "Ndiye fundi huyo? Hita umeweka ya aina gani?"

Bwana Wendt akaenda akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza habari za hita. Alimweleza yote, waya kwa waya, huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye shati lake la kanisani. Norb akaitikia kwa kichwa kila alipofika mahali pazuri.

9 Novemba

Rhonda anasema barabara itamuua. Norb anasema, "Basi iniue njiani kuliko hapa." Wamenitazama mimi. Nimesema tutakwenda.

11 Novemba

Tulitoka asubuhi, jua limechomoza. Bwana Wendt alikuja bila kuitwa. Yeye na Rhonda walimbeba Norb kwa shuka, wakamlaza. Kitanda kilishuka kama siagi, ni kweli. Mimi niliendesha. Bwana Wendt aliketi sakafuni, juu ya zulia, amemshika Norb mkono.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Norb alitazama paa, akagusa pazia, akasema, "Vonnie, hii ni nyumba nzuri kuliko yetu." Tulipita mashamba yaliyokwisha kuvunwa na milima ya viazi sukari inayosubiri kiwanda. Akauliza kila baada ya muda tumefika wapi, nami nikamtajia. Wakaongea, yeye na Bwana Wendt, juu ya bunduki ya baba yake na jinsi Clem alivyowahi kukipiga risasi kisiki akidhani ni dume la pembe kumi. Nilimsikia akicheka. Nikajisemea moyoni, tutafika. Nikaamini kabisa. Nikaanza kupanga tutakunywa wapi kahawa.

Kisha tukaingia barabara kuu ya zege. Zege lile lina maungio, kila hatua chache ungio moja. Mimi nilisikia tu tak, tak, tak chini ya matairi mapya. Nyuma nikasikia Norb amenyamaza. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuijua. Nilidhani ni mnyama. Miaka arobaini na nne ya ndoa na sikuwahi kuisikia.

Bwana Wendt akasema, "Punguza mwendo, mama." Nikapunguza. Nikapunguza mpaka malori yakawa yanatupita kama tumesimama. Tak. Tak. Kila moja lilikuwa linaingia mgongoni mwake.

Akasema, "Vonnie. Geuza."

Nilijifanya sijasikia. Maili nzima. Mungu anisamehe, nilishika usukani nikatazama mbele, kwa sababu nilijua nikigeuza ndiyo basi, hakuna tena safari nyingine. Maili nzima mume wangu alikuwa analia nami ninaendesha.

"Vonnie, tafadhali. Geuza."

Norb hajawahi kuniomba kitu kwa tafadhali. Alikuwa anasema "Lete chumvi" na mimi namwambia "Jichukulie." Nikatoka barabarani, nikageuza. Tulikuwa tumekwenda maili arobaini na mbili.

Tulirudi kwa njia za vumbi, polepole, mwendo wa karibu saa tatu. Alipolazwa nyumbani akanishika shavu. "Lilikuwa gari zuri," akasema. "Mwezi wa tisa tungefika." Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayepima umbali. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekukataza," nami nikasema hapana, akasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza hatukuwa na nguvu ya kugombana.

Ukweli ni kwamba yeye alinikataza, na mimi nilipenda kukatazwa. Hata mimi sikutaka kuonewa huruma. Nimeyaandika haya nisije baadaye nikajitungia kisa kizuri zaidi.

13 Novemba

Hali chakula chochote. Ananijua.

14 Novemba

Saa kumi jioni. Nilikuwa nimemshika.

15 Novemba

Milio ya bunduki imeanza alfajiri pande zote, kama kila mwaka. Majirani, wajukuu wa majirani. Nilifunga madirisha. Nikayafungua tena.

Clem alipopata habari aliondoka kambini asubuhi hiyo hiyo, alfajiri ya kwanza, kabla ya kupiga risasi hata moja. Amefika mchana. Ameingia na koti lake la kuwindia la rangi ya machungwa, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda kitupu akaketi. Alisema, "Nilimwekea cha dirishani."

18 Novemba

Tumemzika. Ardhi ilikuwa bado haijaganda, wachimbaji walisema ni bahati.

Baadaye ukumbini mwa kanisa kulikuwa na mikate ya nyama, saladi ya viazi, kahawa nyepesi. Kila mtu alinijia akanishika mikono yangu miwili akasema lile tunalosema sisi, "Lavonne, ukihitaji chochote, sema tu." Nami nikawajibu lile tunalojibu, "Asante, niko sawa." Bi Schweitzer, mchungaji, Rhonda, mwenye duka la dawa. Niko sawa, niko sawa, niko sawa. Clem naye akasema hivyo hivyo akiwa tayari amewasha pikapu yake, nami nikampungia mkono.

Nilirudi peke yangu na gari la kitanda, maana ndilo lililokuwa limebaki uani. Nilipozima injini nikaona Bwana Wendt amenifuata kwa gari lake, kuhakikisha nimefika. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Alikuwa hajaniangalia usoni tangu siku ile ya barabara, na mimi nilikuwa sijamwangalia.

"Haya, mama," akasema. "Mimi niende. Ukihitaji chochote, usisite."

Akaanza kushuka ngazi. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka kusema asante, niko sawa.

"Nahitaji," nikasema.

Akasimama, mguu mmoja ngazini, mmoja chini.

"Nahitaji mtu aingie na mimi humu ndani. Siwezi kuingia peke yangu. Nimejaribu hapa kwenye gari kujiambia naweza, siwezi."

Niliona aibu, mtu mzima na nywele zangu nyeupe. Akapanda ngazi tena. Akavua viatu vyake vyenye tope, akavipanga vizuri kando ya mlango, akanishika kiwiko, tukaingia.